Siki au vinasaba? Shangazi alitoka Mpwapwa kufuata jibu

Shangazi yangu ana miaka 54. Mwezi uliopita alipanda basi la alfajiri kutoka Mpwapwa, na saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshakaa kwenye foleni ya kupima saratani ya mlango wa kizazi hapa Dodoma mjini. Mama aliyekuwa mbele yetu alitutuliza: "Wala hakuna kitu, wanapaka siki tu." Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, siki hii hii ya kwenye kachumbari?"

Karibu ni hiyo hiyo. Muuguzi hupaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri kama dakika moja, kisha humulika na kutazama. Seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Zamu ya shangazi ilipofika, aliambiwa kwa upole kwamba kwa umri wake sehemu inayotakiwa kutazamwa imeshaingia ndani, kwa hiyo siki haiwezi kusema lolote la uhakika. Akaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali nyingine, siku nyingine. Nauli na siku nzima, kwa jibu la "hatuoni vizuri".

Ndipo nilipoanza kuufuatilia mjadala ambao wahudumu wa afya wamekuwa nao kitambo: tuendelee na siki, au tuhamie kwenye kipimo kinachotafuta vinasaba vya HPV, yaani virusi vyenyewe vinavyoleta saratani hii? Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2021 kwamba kipimo cha vinasaba ndicho kitangulie, na siki itumike pale ambapo hicho hakijafika. Kwenye makaratasi mjadala umekwisha. Kwenye benchi la kliniki haujaisha, na kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyotaka kukiri.

Tuelewane kwanza kuhusu virusi hivi. Viko vya aina zaidi ya 200, na hivi vya sehemu za siri huambukizwa ngozi kwa ngozi, hasa katika kujamiiana; kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi. Aina ya 6 na ya 11 huleta masundosundo, ambayo yanakera lakini si saratani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zenye mzigo wa takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Watu wengi wanaofanya ngono huvipata wakati fulani, na kwa walio wengi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vikigoma kutoka, safari ya kufikia saratani huchukua miaka 15 hadi 20; kwa mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10. Muda wa kuiwahi upo, tena mrefu. Hata hivyo makadirio ya mwaka 2020 yaliiwekea Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka.

Anayeidharau siki hajawahi kusimamia zahanati. Haidai maabara, na taa ya betri inaitosha. Jibu hutoka mama akiwa bado kitandani. Likionekana baka jeupe linalotibika, hutibiwa papo hapo, ama kwa tiba mgando inayoigandisha sehemu ile kwa gesi baridi, ama kwa kifaa cha joto kinachoiunguza sehemu ile kwa muda mfupi sana. (Kifaa hicho cha joto hubebeka mkononi. Aliyewahi kungoja mtungi wa gesi ufike kijijini ataelewa kwa nini nakitaja.) Mama wa Kongwa aliyemwachia jirani watoto na mbuzi anarudi jioni amepimwa na ametibiwa. Kipimo kipya kikishindwa kumpa hilo, kitakuwa kimemnyang'anya kitu, hata kama kina macho makali kiasi gani.

Ila siki ni jicho. Jicho la muuguzi anayepima kila siku si sawa na la yule aliyehudhuria mafunzo mara moja kisha akahamishiwa wodi nyingine. Uvimbe wa kawaida unaweza kuonekana mweupe, na baka la kweli likampita mtu. Na baada ya hedhi kukoma, jicho lenyewe huwa halina cha kuona.

Kipimo cha vinasaba hakina shida hiyo. Asiyekutwa na virusi anaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudia. Mwenye VVU huanza akiwa na miaka 25 badala ya 30, na hurudia kila miaka 3 hadi 5. Lakini hoja iliyonivuta zaidi ni nyingine: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, kwa kijiti cha pamba au brashi ndogo, nyuma ya pazia. Tunaposhangaa kwa nini kina mama hawaji kupima, tusijifanye hatujui. Kupanda kitanda kile na kutanua miguu mbele ya kijana wa rika la mwanao, ambaye Jumapili mnakutana kwenye jumuiya, si jambo dogo. Kituo cha afya kiko karibu na kwa shangazi. Alikuja mjini kwa sababu huku hakuna anayemfahamu.

Tatizo si mashine. Zile za GeneXpert zinazopima kifua kikuu zinaweza kupima HPV pia kwa katriji yake (kikasha kidogo kinachotiwa sampuli), na kazi ni kama ya saa moja. Kinachochelewesha ni katriji zisizotosha, foleni ya makohozi yanayongoja mashine hiyo hiyo, sampuli inayosubiri bodaboda, na simu ya mama inayozimwa siku ya kupewa jibu.

Halafu kuna neno lenyewe. Siki humwambia mama kwamba ana baka, na baka halina mwenyewe. Vinasaba humwambia ana virusi vya ngono, na nyumbani swali la kwanza huwa "umevitoa wapi?" Jibu la kweli ni kwamba hakuna anayeweza kujua. Virusi hivi huweza kutulia miaka mingi bila dalili, na kipimo hakionyeshi viliingia lini wala kwa nani. Mume hana kipimo cha kawaida cha kupimwa HPV. Kwa hiyo mmoja anarudi na karatasi na mwingine hana karatasi yoyote, na ndoa nyingi huamua kesi kwa karatasi iliyopo. Tena dawa ya kuviua virusi haipo. Kinachotibiwa ni seli zilizoharibika, na wengi wanaokutwa na virusi hawana hata hizo. Ili kujua nani anazo, mara nyingi mama hurudishwa kitandani akapakwe siki. Wanaoiaga siki naona wanaiaga mapema.

Wapo wanaosema chanjo ya HPV itayafuta haya yote. Itafuta mengi. Nchi nzima ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, uamuzi ulioegemea pia utafiti wa chanjo hiyo uitwao DoRIS, uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930. Madai kwamba inafunga kizazi hayana ushahidi. Lakini piga hesabu: aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2018 atatimiza 30 mwaka 2034. Mpaka hapo, karibu kila mwanamke wa Dodoma anayefikia umri wa kupimwa atakuwa ameupita mpango huo wa chanjo, na chanjo haifukuzi virusi vilivyokwisha kuingia.

Ningekuwa nagawa katriji mimi, ningeanzia kwenye kliniki za VVU. Hatari ya wanawake hao ya kupata saratani hii ni mara sita ya wengine, wana tarehe za kurudi, na sampuli zao nyingine zina njia ya kwenda maabara, kwa hiyo jibu halitapotelea barabarani. Vijijini ningeacha siki ifanye kazi mpaka kifaa cha joto kiwe jengo moja na kipimo. Na muuguzi ningempa dakika kumi za kueleza neno "virusi" kabla mama hajatoka mlangoni, pamoja na jambo linalosahaulika: baada ya tiba, mama hutakiwa kukaa wiki kadhaa bila tendo la ndoa, au kwa kondomu. Hilo nalo lazima alipeleke kwa mtu nyumbani.

Shangazi alirudi wiki iliyofuata kwenye ile hospitali nyingine. Alijichukulia sampuli mwenyewe, akatoka nyuma ya pazia kabla sijamaliza kusoma bango la ukutani. Waliahidi kumpigia. Aliandikisha namba yangu, si ya mumewe.