Piki Iliyopotelea Tumboni mwa Gitaa

Mwalimu wangu wa gitaa ana wosia mmoja ambao hachoki kuurudia: legeza kifundo cha mkono. Kwake yeye, mkono wa kucharaza hauna ruhusa ya kusimama. Hushuka na kupanda kwa mwendo ule ule hata pale usipozigusa nyuzi, kwa kuwa ndio unaotunza mapigo. Nayo piki, kile kipande chembamba cha plastiki, hushikwa baina ya kidole gumba na cha shahada kwa ulegevu unaotosha tu kuizuia isianguke. Ni ushauri mzuri, ila sidhani kama amewahi kucharaza huku kiganja kikimtiririka jasho mbele ya shangazi zake.

Kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa ya dada yangu nilikuwa nimefunga nyuzi mpya, kwa sababu zile za zamani, urithi kutoka kwa kaka yangu ambaye hajui kwamba nyuzi hufutwa jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa, zilikuwa zimeshika kutu. Nyuzi mpya, kama ijulikanavyo, huendelea kunyooka na kushuka sauti, hivyo sharti zikazwe tena na tena mpaka zitulie. Mpwa wangu, ambaye simu yake ina programu ya kupimia sauti, akajitolea.

“Mjomba, wewe kapumzike, niachie mimi.”

Alikuwa akidonoa uzi wa pili, simu ikimwambia kwamba sauti iko chini, naye akizungusha kifunguo cha uzi wa kwanza. Mshale kwenye simu haukutikisika, kwa hiyo akaongeza nguvu. “Mjomba, uzi huu mkaidi kweli!” alilalamika, huku ule wa kwanza, mwembamba kuliko wote na usio na hatia yoyote, ukizidi kuvutwa. Kabla sijamfikia ulikatika kwa mlio mkali, na ncha yake ikalichapa birika la chai. Baadhi ya seti za nyuzi huwekewa uzi wa kwanza wa ziada. Yangu haikuwa miongoni mwazo.

Nikapiga kwa nyuzi tano. Nililegeza kifundo kama nilivyousiwa, na kwa kweli mapigo yalikwenda vizuri kuliko siku zote, mpaka piki ikaponyoka. Mkono uliendelea kushuka na kupanda mtupu, maana wosia ni wosia.

“Imeingia shimoni, nimeiona kwa macho yangu!” shangazi mkubwa alitangaza.

Nililiinua gitaa juu ya kichwa, tundu likitazama chini, nikalitikisa kwa nguvu zote. Ikaanguka piki nyekundu nisiyoijua, kikafuata kipande cha uzi wenye kutu, kisha ikatoka hereni ya dhahabu ambayo dada yangu alikwisha kuikatia tamaa. Wageni walishangilia wakidhani ni kiinimacho nilichokiandaa.

“Lakini Mjomba,” mpwa wangu akaninong'oneza, “piki yako si hiyo hapo?” Ilikuwa imenata kwa jasho chini ya mkono wangu, karibu na kiwiko.

Nilitaka kuendelea na wimbo, lakini dada yangu hakuutaka tena. Alikuwa amekwisha kulishika gitaa kwa mikono miwili, akilitikisa mwenyewe, akitafuta bangili.