Mkwe Juu ya Mwembe

Mulamu wangu, ndugu wa mke wangu, anaishi Liège, Ubelgiji, na nyuma ya nyumba yake amefuga kuku. Kule baridi ikikaza, maji ya kuku yanaganda, na upanga wa jogoo usipotunzwa unaungua kwa baridi mpaka unageuka mweusi. Ndiyo maana kabla ya Desemba anajiandaa: anamwaga maranda mengi bandani, anaziba nyufa zinazopitisha upepo, jioni anaongeza mahindi maana kuku aliyeshiba hupata joto usiku, na panga za majogoo anazipaka Vaseline. Mambo ya akili kabisa. Ila aliyasimulia kwa WhatsApp, spika wazi, na mama yake ameketi sebuleni kwangu Lubumbashi, mwezi wa sita.

Sikatai, mwezi wa sita hapa si mchezo. Usiku unashuka chini ya digrii 10, upepo unapuliza vumbi, na babula, jiko letu la makaa, inagombaniwa nyumba nzima. Lakini barafu? Umeme ukikatika hatuioni hata ndani ya friji.

Nani amwambie mama mkwe? Mimi simtazami usoni, simpi mkono, simjibu. Hata tukiwa uwanja mmoja, maneno yake yananifikia kupitia binti yangu. "Mwambie baba yako kuku walale ndani leo." Mtoto anageuka: "Baba, nkambo anasema kuku walale ndani leo." Nimesikia, mwanangu. Nimesikia mara zote mbili.

Kuku wenyewe ni wa kienyeji, mchana kutwa wanachakura kwenye vichuguu huku pande za Kasapa, na jioni wanaruka juu ya mwembe. Banda nimewajengea, la matofali ya udongo wa kichuguu, lina hata kichanja cha kulalia. Wanalipita kama wadeni wanavyopita duka. Mama alilishughulikia mwenyewe: kila tundu alilipachika gunia, juu na chini, hata pale chini ya bati nilipoacha nafasi makusudi. Kisha akamkamata jogoo akampaka Vaseline. Upanga peke yake haukumtosha, akaendelea shingo, mabawa, miguu, mpaka kopo likaisha. "Baridi haichagui," alimwambia mtoto, aniambie.

Jua lilipozama, jogoo akapanda mwembeni anang'aa, na wake zake nyuma.

Kuku wa mtini hukamatwa usiku, hilo halina ubishi: gizani haoni vizuri, anatulia, unamshusha kama embe. Nikavaa kaptula nikapanda. Mama akajitolea kunishikia tochi. Hapo ndipo heshima ilipotuponza, kwa sababu mkwe yuko juu na kaptula, mama mkwe yuko chini, na mwenye adabu zake hawezi kuinua macho. Akageuka akanipa mgongo. Tochi nayo ikageuka naye, ikapiga moja kwa moja dirisha la jirani.

Jirani akaamka. Akaona mwanga dirishani, na kivuli cha mwanaume kati ya matawi.

"Mwizi!"

Akapiga sufuria. Kwenye avenyu yetu sufuria moja ikilia, nyingine haiulizi sababu. Filimbi zikajibu, mbwa wakajibu. Wakati huo nilikuwa nimeshamshika jogoo miguu yote miwili, barabara kabisa, ila miguu ile ilikuwa na Vaseline. Akateleza, akapita juu ya ukuta, akatua kifuani kwa jirani na sufuria yake.

Vijana wa lindo wakafika na fimbo. "Uko nani, weye wa juu?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Wezi wote wanasema hivyo. Mama, huyu mtu unamjua?"

Mama hakugeuka. "Siwezi kumtazama."

"Maskini, anatetemeka! Shuka, weye!"

"Mama, waambie!" nikapiga kelele. Akanyamaza, na ni haki yake, sikupitia kwa mtoto. Sijui ningeshuka vipi kama binti yangu asingetoka na blanketi mabegani: "Ni baba. Anakamata kuku. Kaptula ile ni ya kaka."

Kicheko kilichopigwa pale kilikuwa kirefu kuliko zile sufuria. Jogoo walimrudisha ndani ya gunia, mikono ilimshindwa.

Asubuhi ikaingia sauti nyingine kutoka Liège. "Mama, nilisahau jambo moja. Msizibe banda lote. Unyevu wa pumzi na harufu kali ya mavi vinawadhuru kuku kuliko baridi. Ule upepo wa chini ndio wa kuziba, juu chini ya paa acheni hewa itoke."

Mama akasikiliza mpaka mwisho, macho chini.

"Mwambie baba yako apande juu ya banda, atoe magunia."

Mtoto akageuka kuniambia. Mama akamshika mkono.

"Na mwambie avae suruali."