Jumatatu ndiyo iliyotaka kutuzamisha

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Leicester, Uingereza, mtu karusha video. Boti nyembamba, hizi za chuma zilizochorwa maua ubavuni, inateremka mto Soar maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Ubao wa kina cha maji kando ya loki, ile milango ya kupandisha na kushusha boti, unaonyesha nyekundu, yaani usiende, na nahodha kanyanyua kikombe, anacheka. Chini yake: "Mwanaume huyo!" "Chuma hakizami!" Makopakopa kibao. Niliandika sentensi nne za hasira, nikazifuta. Nazileta huku.

Chuma hakizami, haya. Chombo cha upana wa mita 2 na kidogo, urefu mita 18, tani kumi na kitu, tumbo bapa kama sinia. Upana huo umetokana na loki za akina James Brindley, mhandisi wa mifereji wa karne ya 18, enzi boti zikivutwa na farasi kwenye mfereji uliotulia kama maji ya beseni. Kwenye mfereji unakwenda mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Mto uliojaa hauna habari na mwendo huo.

Najua kwa sababu nimefanya ujinga huohuo. Mwaka juzi, Oktoba, shemeji alikodi boti siku nne: wakubwa wanne, watoto watatu. Ijumaa na Jumamosi raha tupu, chapati zinapikwa humohumo. Usiku wa Jumamosi mvua ikanyesha kama imetumwa. Asubuhi maji yalikuwa juu kwenye alama ya njano, yakiinyemelea nyekundu. Tukasimama ukingoni tunatazama matawi yanavyopita mbio, na kila mtu analijua jibu. Ndipo shemeji akasema, "Kesho saa tatu wanataka boti yao, na mimi saa nne nina kikao."

Nikawapigia waliotukodisha. Kijana akasema njano ni tahadhari tu, na kuchelewesha kuna malipo yake. Tahadhari tu! Kama vile tahadhari ni kachumbari, ukipenda weka, usipopenda acha.

Tukafungua kamba. Kana, mkono wa usukani, nilishika mimi, maana nimezaliwa Pangani na wote waliamini hicho ni cheti.

Video haikuonyeshi hili: ukiteremka na mkondo, usukani hausikii mpaka boti iende kasi kuliko maji yenyewe. Ukipunguza moto wa injini, umebaki na kijiti mkononi. Ukiongeza, kona inakufikia kabla hujajiandaa. Na mwili wako mzima unakupigia kelele: punguza! Nikapunguza. Pale mto unapogawanyika, huku loki, kule ukuta yanakomwagikia maji ya ziada, omo, mbele ya boti, ikataka loki na tezi, nyuma yake, ikataka ukuta. Boti ikakaa mshazari, ikasukumwa ubavu mpaka ikaegemea mnyororo wa maboya ya rangi ya chungwa. Maji yakarundikana upande mmoja, yakabakiza kama vidole vinne kufika kwenye matundu ya hewa. Sahani zikamwagika kabatini. Mtoto wa mwisho akauliza kama ndiyo tumefika.

Mume na mke waliokuwa wamefunga boti yao hapo tangu jana yake, wanakunywa chai, wakaturushia kamba. Tulivutwa karibu saa nzima, hatua kwa hatua. Yule mama hakunisema. Aliuliza tu, "Mlikuwa mnawahi wapi?" Afadhali angenitukana.

Tulikuwa tunawahi Jumatatu. Mnaandika "mwanaume huyo", lakini humo ndani kwetu hapakuwa na shujaa hata mmoja. Palikuwa na kikao cha saa nne.

Baba mdogo alivua Pangani maisha yake yote. Kusi likivuma na mdomo wa mto ukichafuka, ngalawa zilikaa mchangani na wavuvi wakacheza bao siku tatu, nne, hata wiki. Njaa ilikuwepo, madeni yalikuwepo, na hakuna aliyewaita waoga. Wala sikumbuki mtu aliyeipangia bahari saa ya kutulia. Sisi tumekuja huku tukajifunza kupanga kila kitu kwenye simu, tukadhani na mto umo kwenye kalenda.

Nakubali, kwa shingo upande, wapo wenye sababu ya kuondoka. Wanaoishi kwenye boti bila maegesho ya kudumu wanabanwa na sheria ya njia za maji ya 1995: wasikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kuzidisha pakiwa na sababu ya msingi, na kama mafuriko si sababu basi sababu haipo duniani. Na kukaa nako si kulala: lazima uamke usiku kulegeza kamba maji yakipanda, na yakipungua uangalie boti isije ikaachwa juu ya ukingo.

Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Nanga iwe tayari. Yetu ilikuwa chini ya magunia ya mkaa.

Jirani yangu, mzee wa Kihindi aliyefukuzwa Kampala 1972 na bado akikasirika anatumia Kiswahili, nilimwonyesha ile video. Akaitazama mara mbili, akarudisha simu. "Huyu ana haraka, mpisheni."

Shemeji amekodi tena, Pasaka. Nimemuuliza swali moja tu: Jumanne yake una kikao? Kaomba likizo wiki nzima. Basi tutakwenda.