Taarab asilia ikifupishwa, kinachokatwa ni nini?

Vijana wa mjini Unguja wanaozipanga upya nyimbo za taarab asilia wana kosa moja kubwa mbele ya wazee: wanazifupisha. Wimbo uliokuwa ukienda dakika kumi na mbili, kwao umekwisha kwa nne. Huku si kufufua, wanaambiwa, ni kuchinja.

Wazee hawasemi ovyo. Bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, ikiondolewa, msikilizaji anatumbukizwa kwenye shairi hajatulia. Na kinanda cha umeme kikikaa mahali pa ganuni, ala ya nyuzi nyingi, ile robo sauti ya bayati (ngazi ya sauti ya Kiarabu) inapotea, labda mpigaji ajue kukirekebisha, na wengi hawajishughulishi. Hapo niko nao.

Lakini urefu? Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande. Tatu! Nyimbo tunazoziapia leo kuwa ndio msingi zilitufikia zimekatwa kwa kipimo cha sahani, wala sijasikia mtu akisema Siti aliiua taarab.

Mzee atajibu kwamba hiyo ilikuwa mashine. Nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, Siti aliimba mpaka usiku wa manane. Ndiyo, na aliyemkesha hapo ni nani kama si watu? Mtazame mama anayekwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Anainuka kitini polepole, noti kaikunja baina ya vidole, anakwenda kwa madaha, kisha anasimama mbele ya mwimbaji mpaka kila mtu ajue lile fumbo la kwenye ubeti linamwendea nani. Muda wote huo mwimbaji hakihami kiitikio. Wakiinuka kumi, wimbo unarefuka mara tatu, na hakuna mtunzi aliyeuandika hivyo. Sasa ukumbi ukijaa wageni wa hoteli waliokaa mikono mapajani, kiitikio kirudiwe mara ya nane kwa ajili ya nani? (Nimewahi kukaa kwenye onyesho kama hilo. Hata mpiga dumbaki alikuwa anatazama saa.)

Kwa hiyo vijana wanaokata marudio hawajagusa shairi wala muziki wake. Bashraf waibakishe, hata ya dakika mbili. Na ganuni waibebe, ingawa ni kazi: nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji huanza kuzikaza viti bado vitupu.