Trigo kwa penseli au kwa peni? Wino unaonewa

Kila ikikaribia mitihani nasikia malalamiko yale yale, kwamba pepa ya hesabu ya fomu foo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) inataka wino wa bluu au mweusi, penseli kwenye michoro tu, wakati trigo (trigonometria, zile hesabu za pembe na pembetatu) ni ya kujaribu jaribu mpaka ikubali. Hoja ina uzito, nakubali. Swali la kuthibitisha unaweza kupita njia tatu zote zikagoma, na mtoto mwoga akiona karatasi imejaa makato anakata tamaa. Pembetatu kwa penseli, hapo sibishi kabisa.

Ila niliwahi kukaa na madogo wawili wa tuition kwenye swali hili la kutafuta x kati ya digrii 0 na 360: 2cos²x + sin x = 1. Wa kwanza pale kwenye cos²x akaweka 1 + sin²x badala ya 1 − sin²x, akaishia 2sin²x + sin x + 1 = 0, haigawanyiki hata ufanyeje, akachukua raba akafuta mistari yote minne akaanza upya na akarudia kosa lile lile, maana lilishageuka vumbi la raba mezani. Mwenzake wa peni alikosea hapo hapo, akapandisha macho juu, akaiona ile alama ya kujumlisha, akaikata kwa mstari mmoja, akashuka mpaka majibu, digrii 90, 210 na 330.

Halafu piga hesabu ya muda. Masaa matatu kwa maksi 100, yaani maksi moja haina hata dakika mbili, sasa ukifuta, ukapuliza, ukaandika tena, maksi ya mtu imeshaondoka hivyo. Na muda ukiisha umefuta hujaandika kitu, msahihishaji atakupa maksi ya nini? Wenzetu Kenya kwenye pepa ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wameandika kabisa kwamba njia sahihi inaweza kupewa maksi hata jibu likiwa limekosewa, lakini si mpaka hiyo njia iwepo kwanza jamani?

Kinachoniuma mimi ni walimu wanaopunguza maksi za usafi mtoto akikata mstari mmoja kwenye daftari. Hao ndo wanaowafundisha watoto kuogopa wino, na mtoto akizoea raba miaka minne, siku ya mtihani wa taifa anashika peni mkono unatetemeka.