Kipande Namba 47

Kimeruka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, muadhini hata hajamaliza, kipande namba 47 kimechomoka kwenye kibano, kikapiga "tik" mahali fulani, na habari zake zikaishia hapo. Ni mkono wa saiti mira ya gari dogo la plastiki ninaloliunga kwa gundi. Ukubwa wake punje ya mchele, tena ule mchele wa kukatikakatika. Na mimi sasa nipo chini ya meza, makalio juu, namulika kwa tochi ya simu. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Katibu wa kamati ya msiba. Jumamosi tu nilisimama mbele za watu nikasoma rambirambi kwa sauti nzito hadi wengine wakajifuta machozi.

Mpaka sasa nimepata kifungo cha shati, punje saba za maharage, sarafu ya shilingi hamsini, na jino la mtoto ambalo nilimwapia kuwa tulilirusha juu ya bati.

"Baba watoto, leo sijafagia."

"Usifagie."

"Mpaka lini?"

Swali la haki kabisa, na sina jibu.

Watu husema ninacheza midoli. Sikilizeni. Mdoli unaununua umekamilika, bei yake kidogo, mtoto anafurahi. Haya magari ya plastiki unayanunua yamekatwa vipande mia na kitu, vyote vimeshikana kwenye fremu kama samaki kwenye kijiti, bei ni ya gunia la mchele, na hakuna anayefurahi. Habari ya kwenda kuchukua kifurushi nikaulizwa kadi ya gari iko wapi, leo siigusi. Gundi yake na rangi yake vinawaka moto, ndege haivitaki, kwa hiyo mtu unajitafutia za hapahapa. Fundi rangi wa magari alinipa tina, ile ya kuzimulia rangi, kwa moyo mweupe kabisa. Bampa likanywea kama andazi lililomwagikiwa na chai. Nikanunua ile gundi ya haraka, inayoshika vidole kabla ya kushika kitu kingine, nikabandika kioo cha mbele. Mvuke wake ukatua kwenye kioo, asubuhi nikakuta gari lina mtoto wa jicho.

Yote hayo nilishayasamehe. Tatizo ni jana jioni, alipopita mzee wa nyumba ya tatu.

Huyu mzee ameendesha malori miaka thelathini na ushee. Dar–Tunduma, Dar–Lubumbashi. Kona za Kitonga anazijua moja moja, kila moja na marehemu wake. Nikasema hatimaye nimepata mtu wa kunielewa. Nikatandika kitambaa mezani, nikaitoa Scania yangu taratibu, kama mtu anayempelekea babu mjukuu wa kwanza. Scania 143, kipimo cha moja kwa ishirini na nne, yaani la kweli ni refu mara ishirini na nne ya hili, usiku wa miezi minne.

Akavaa miwani. Akainama. Nami nikasimama pembeni, mikono nyuma, nasubiri sifa.

"Usukani uko kushoto."

"Ndiyo, mzee wangu. Hiyo ni ya Ulaya."

"Kwa hiyo ya Burundi."

"Hapana, mzee, ni ya…"

"Mwanangu, usukani kushoto ni Burundi au Kongo. Namba za wapi hizi?"

Namba sijaweka. Akanitazama juu ya miwani. "Sasa imefikaje hapa?"

Akahamia nyuma. Kimya kirefu. "Ekseli moja tu?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa, mzee."

"Itabeba nini? Magodoro?"

Hapo nikaona nimsaidie kwa elimu. Nikamweleza kwamba kwenye 143, ile 14 ni lita za injini, V8 hiyo, na ile 3 ni kizazi cha tatu. Akavua miwani polepole. "Unanifundisha Scania?" Akanyamaza kidogo. "Mimi 113 nimelala chini yake Mikumi, usiku, tochi iko mdomoni, na kuna kitu kinahema porini hakisemi ni nani."

Nikaomba radhi.

"Inua kichwa nione injini."

Hakikuinuka. Ile gundi ya haraka ilivuja mwezi wa tatu, kichwa kikashikana na chesisi moja kwa moja. Injini imo ndani, nimeipaka rangi usiku tisa mfululizo, nyaya nimezichomoa kwenye spika ya masikio, na hakuna binadamu atakayeiona tena.

"Ikizima njiani?"

"Haizimi, mzee. Kwanza haiwaki."

"Haiwaki," akasema. Akaangalia nje dirishani kama mtu aliyepewa taarifa ya hospitali.

Ili kupunguza majonzi nikaleta hesabu. Nikamwambia kwa kipimo hiki, Dar mpaka Tunduma, kilomita 900 na ushee, inakuwa kama kilomita 38.

"Hizo ni Kibaha," akasema. "Umefika Kibaha unasema umefika Tunduma."

Na mzigo, nikaendelea, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, mzigo unagawanywa kwa urefu, upana na kimo, yaani 24 mara 24 mara 24. Zile tani 56 za mwisho kwenye mizani, gari na tela na kila kitu, zinakuwa kilo nne.

"Mizani ya Vigwaza watakupitisha bila kukuangalia. Tela liko wapi?"

"Tela linauzwa peke yake, mzee."

Hakujibu. Alizunguka meza yote, akapiga tairi moja kwa kucha kusikiliza upepo, halafu akafika kwenye kioo cha mbele. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Nikajiandaa.

"Hapa," akasema, na sauti ilibadilika. "Hapa umeweza. Huu ni ukungu wa Makambako, saa kumi na mbili asubuhi. Umeupataje?"

Jamani. Bampa nimeliumba upya kwa puti na msasa wiki mbili, hakuliona. Kiti cha dereva nimekishonea kitambaa halisi, hakukiona. Ajali ya gundi ndiyo imenipa heshima mtaani. Nikasema, "Ni mbinu tu, mzee wangu."

Kama angeondoka hapo, tungeagana vizuri. Lakini aligeuka mlangoni. "Saiti mira ya dereva iko wapi?"

"Kesho naifunga."

"Gari haisimami barabarani hivyo." Akatoka. Nikadhani amekwenda zake. Akarudi na tawi la mwarobaini, akalivunja vipande vinne, akapanga vitatu nyuma ya Scania, mezani kwangu, kwa kupeana nafasi sawasawa, na kimoja mbele. "Wanaokuja nyuma waone," akasema, akaaga.

Ndiyo maana nikaamka alfajiri. Siwezi kunywa chai huku nimewekewa majani mezani kama lori lililokufa Sekenke. Nikasema nifunge mira, niondoe majani, niende kazini na heshima zangu. Na kipande kikaruka.

Sasa majani yameanza kunyauka, yanapukutika, na kila jani linaloanguka linafanana na kipande namba 47. Watoto wanakula mkate wamesimama, kwa kuwa nimewakataza kuvuta viti. Mke wangu ameuweka ufagio mlangoni na sasa anaulizia rangi yake ya kucha, ile nyekundu. Ile ipo kwenye taa za nyuma. Sijamwambia, lakini nadhani anajua, maana ameangalia gari, akaangalia kucha zake, akanyamaza kwa namna ambayo mwanamume aliyeoa anaielewa.

Na siyo kwamba sikujaribu kununua ya kwangu. Wiki iliyopita niliingia duka la vipodozi, wanawake wanne ndani, nikasimama kama nasubiri basi. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, wifi anapenda nyekundu ipi?" Nikasema yoyote inayopitisha mwanga, siyo ya wifi, ni ya Scania.

Akasita. "Ndivyo unavyomwita?"

Wale wanne wakageuka. Nikaanza kueleza kipimo, moja kwa ishirini na nne, na nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kumhurumia mke wangu. Chupa nyekundu yenyewe ilikuwa imekauka. Ila muuzaji alinipa bure kichupa cha dawa ya kutolea rangi, akasema nimpelekee dada, pole yake. Dawa ile ikigusa plastiki, plastiki inakuwa uji. Nimeiweka juu ya kabati, karibu na sumu ya panya.