Mchoro si mambo ya darasa la pili

Waulize walimu wa hesabu, kuanzia Pangani hadi Lushoto: moja na robo tatu gawanya kwa nusu ni ngapi? Jibu litakuja upesi: badili alama, pindua sehemu ya pili, tatu na nusu. Sasa waombe wachore jibu hilo. Kundi lao la WhatsApp, wanamopata mafunzo ya mtandaoni, litanyamaza.

Swali si langu. Liping Ma, mtafiti wa elimu ya hesabu, aliwauliza walimu 23 wa Marekani na 72 wa China, akachapisha matokeo mwaka 1999. Wachina wote walikokotoa sawasawa. Wamarekani ni 9 tu waliofika kwenye jibu kamili. Na katika hao 23, ni mmoja tu aliyetunga mfano wa maisha unaoeleza hesabu hiyo kwa maana sahihi. Mmoja! Wengine waligawanya kwa mbili, wengine wakazidisha kwa nusu. Tusiwacheke, kwani Kiswahili chetu kina mtego huohuo: ukimwambia mtu "gawa nusu" atakukatia vipande viwili sawa.

Chora utepe wa kilo moja na robo tatu za unga, kisha ukate vifuko vya nusu kilo. Vinatoka vitatu, inabaki robo kilo. Mbona basi jibu ni tatu na nusu, si tatu na robo? Kwa sababu robo kilo ni nusu ya kifuko. Kanuni ya kupindua haisemi hilo hata uirudie mara mia.

Wanaosita kutumia michoro kwenye mafunzo ya mtandaoni, hata yale ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), wana hoja. Video humaliza bando, kioo cha simu ni kidogo, na duara lililokatwa ovyo hupotosha kuliko kutochora kabisa. Tena nani atachora 17/23 gawanya kwa 5/9? Hapo kanuni ishike kazi, sina ugomvi.

Lakini hoja ya bando inamhusu mkufunzi anayerusha slaidi za rangi huku walimu wakitazama tu. Mwalimu akichora mwenyewe kwa penseli, akapiga picha moja na kuituma, gharama ni ndogo. Mkufunzi akiona utepe ulioandikwa "robo" palipotakiwa "nusu", anajua pa kuanzia kuuliza. Angetumiwa 3½ peke yake, angeweka vema na kusonga mbele.